C1 Advanced kwa anayefikiri kwa Kiswahili: mwongozo kamili wa kujiandaa

Mgeni akikuomba "nifanyie picha hapa", utamwelewa, utampiga picha yake na hutamsahihisha. Lakini moyoni umeshajua kwamba Kiswahili amekikuta ukubwani. Sisi picha tunapiga, simu tunapiga, pasi, deki, mswaki, hodi, kambi, vyote tunapiga, na hakuna mwalimu aliyewahi kutupa kanuni ya kueleza kwa nini. Ni maneno yaliyozoeana tu.

Mtihani wa Kiingereza wa C1 Advanced wa Cambridge (C1 ni ngazi ya pili kutoka juu kati ya ngazi sita za kujua lugha, A1 hadi C2), ambao wengi bado wanauita CAE kwa jina lake la zamani, unataka kujua kama umeshazizoea "piga" za Kiingereza. Mimi hilo nililielewa nimeshachelewa. Mara ya kwanza niliingia nimekariri maneno makubwa mamia na kumaliza kitabu kizima cha sarufi, nikatoka na alama 176. Kufaulu ni 180. Nilipofungua mchanganuo nikakuta kuzungumza 188, kusoma 182, kusikiliza 179, kuandika 170, na matumizi ya lugha 161. Hiyo 161 ndiyo iliyonizamisha. Kwa hiyo usishangae mwongozo huu ukikaa sana kwenye matumizi ya lugha na kuandika, na mengine ukayapita haraka.

Kabla ya kulipa

Ada ya mtihani huu si ya kuchezea, na nimeshaona watu wakilipia mtihani mzuri usiokuwa wao. Anza na swali moja: nani anakidai hicho cheti, na ameandika jina gani?

Kama ni chuo kikuu, vyuo vingi vya Uingereza na vya Ulaya vinaipokea C1 Advanced, lakini soma ukurasa wa kozi yako hasa, kwa sababu idara moja inaweza kutaka 180 na jirani yake 191. Kama ni viza ya Uingereza inayodai mtihani wa kwenye orodha ya serikali, C1 Advanced haumo; hapo utatafuta mwingine, kwa mfano IELTS ya toleo la UKVI, yaani la idara ya viza ya Uingereza. Muuguzi anayetaka kusajiliwa na NMC, baraza la wauguzi na wakunga la Uingereza, naye huu haumfai: wanapokea IELTS na OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya. Faida kubwa ya C1 Advanced ni kwamba cheti chenyewe hakina tarehe ya kuisha, wakati matokeo ya IELTS kwa kawaida hukubalika kwa miaka 2 tu. Hata hivyo mwajiri au chuo kinaweza kujiwekea ukomo wake, kwa hiyo uliza.

Halafu angalia kwenye tovuti ya Cambridge kituo kilicho karibu nawe na tarehe za awamu zake. Si kila mji mkubwa una kituo, na usajili hufungwa mapema. Weka na nauli kwenye hesabu.

Kama unaogopa kufeli, nikupe kisa cha kukutuliza. C1 Advanced ulianza mwaka 1991, lakini mkubwa wake, unaoitwa leo C2 Proficiency, ni wa 1913. Awamu ya kwanza ilikuwa na watahiniwa 3. Waliandika na kuhojiwa kwa jumla ya saa 12, na wote 3 wakafeli.

Ramani ya mtihani

Karatasi ni 4. Ya kwanza inaitwa "Reading and Use of English": dakika 90, sehemu 8, maswali 56. Ya kuandika ni dakika 90 kwa kazi 2, kila moja maneno 220 hadi 260. Kusikiliza ni kama dakika 40, maswali 30. Kuzungumza ni dakika 15, mnaingia wawili wawili.

Karatasi ni 4 lakini alama ni 5, kwa sababu karatasi ya kwanza inagawanywa: kusoma peke yake, matumizi ya lugha peke yake. Alama hizo 5 zinajumlishwa na kugawanywa kwa 5, na wastani ndio matokeo yako. Hakuna sharti la kufaulu kila karatasi. Wastani wa 180 hadi 192 ni daraja C, 193 hadi 199 ni B, na 200 hadi 210 ni A, ambapo cheti kinaandikwa kwamba umefika C2. Ukiangukia kati ya 160 na 179, kama nilivyoangukia mimi, unapewa cheti cha B2.

Angalia hesabu inavyosema. Matumizi ya lugha ni maswali 22 tu, ya sehemu ya 2, 3 na 4, lakini yanabeba moja ya tano ya matokeo yote, uzito uleule wa karatasi nzima ya kuandika. Wengi wetu tunaanza kujiandaa kwa kusoma magazeti na kutazama filamu, yaani tunaimarisha pale tulipo imara tayari.

Hatua ya kwanza: jipime kwa saa na kwa ukali

Pakua jaribio la bure kwenye tovuti ya Cambridge, wakati wa bando la usiku ikibidi, kaa mezani, weka saa, fanya karatasi nzima bila kamusi. Sahihisha. Kwenye majaribio haya kiwango cha C1 kinaanzia alama 32 kati ya 50 kwenye kusoma, 16 kati ya 28 kwenye matumizi ya lugha, 24 kati ya 40 kwenye kuandika, na 18 kati ya 30 kwenye kusikiliza.

Cambridge wenyewe wanakadiria saa 500 hadi 600 za kufundishwa ili kufika B2, na 700 hadi 800 ili kufika C1. Tofauti ni kama saa 200. Ukizitia kwenye wiki 12 ni karibu saa 17 kwa wiki, yaani saa mbili na nusu kila siku, Jumapili nayo ikiwemo. Ukiwa na kazi na watoto, jipe wiki 24 na usimsikilize anayekuahidi C1 kwa mwezi mmoja. Ikiwa jaribio la kwanza limekupa chini ya nusu ya viwango nilivyotaja, wewe bado hujatulia kwenye B2. Tulia hapo kwanza.

Hatua ya pili: kaunta buku la makosa

Nunua kaunta buku moja. Si la kuandikia maneno mapya, ni la makosa. Kila unapokosea andika vitu vitatu: ulichoandika wewe, kinachotakiwa, na sentensi yako mwenyewe yenye kile kinachotakiwa, ikihusu maisha yako. Sentensi ya kunakili kwenye kamusi haikai kichwani. Ile niliyoandika kuhusu mwenye nyumba wangu ipo mpaka leo.

Baada ya wiki tatu utaona kwamba makosa yako hayako 300. Yako kama 15, yanajirudia yakibadilisha nguo tu. Na mengi hayatokani na uzembe. Yanatokana na Kiswahili kizuri. Tunasema "ingawa mvua ilinyesha, lakini tulifika", na hakuna anayekunja uso. Kiingereza kinataka kimoja: ukishaweka "although", "but" inatoka. Tunajadili kuhusu jambo, basi tunaandika "discuss about", wakati "discuss" haitaki kitu katikati. Tunatilia mkazo juu ya jambo, tunaandika "emphasise on". Vifaa tunavihesabu, samani tunazihesabu, tukaandika "equipments" na "furnitures". Yeye ni yeye, awe baba au mama, hivyo katikati ya maelezo ya haraka shangazi anageuka "he". Na "cope up with" sijui tuliitoa wapi, ila Nairobi na Dar es Salaam utaisikia kila ofisi. Mtihani unataka "cope with".

Kisha kuna "a" na "the". Kiswahili hakina vitu hivyo, na hakuna njia ya mkato. Kilichonisaidia ni kuchukua aya moja ya gazeti la Kiingereza, kufuta "a", "an" na "the" zote, kusubiri siku mbili, halafu kuzirudisha na kulinganisha. Dakika 10, mara tatu kwa wiki.

Hatua ya tatu: matumizi ya lugha, sehemu kwa sehemu

Sehemu ya 1 ni mapengo 8 yenye machaguo manne. Alama zake zinahesabiwa kwenye kusoma, lakini akili yake ni ya matumizi ya lugha. Hapa ndipo "piga" zinapokaa. Maneno manne yana maana inayokaribiana, na moja tu ndilo limezoeana na jirani yake. Kwetu mvua ni kubwa na upepo ni mkali. Kwao mvua ni "heavy" na upepo ni "strong". Uamuzi "unafikiwa" kwetu. Kwao ni "reach a decision" au "make a decision", kamwe si "do". Kwa hiyo usiandike neno pweke. Ukikutana na "conclusion", andika "draw a conclusion", "jump to conclusions", "a foregone conclusion". Neno moja likija na ndugu zake watatu ni bora kuliko maneno ishirini yatima.

Sehemu ya 2 ni mapengo 8 bila machaguo, neno moja kila pengo. Karibu yote ni maneno madogo ya kushikiza sentensi: "whose", "despite", "such", "as", "though", "it". Kusaka maana peke yake hakusaidii, tazama umbo. Kabla ya pengo kuna nini, baada yake kuna nini, je, sentensi ina kitenzi chake tayari?

Sehemu ya 3 ndiyo zawadi yetu, na nashangaa tunavyoiogopa. Unapewa mzizi, unaunda neno linaloingia kwenye pengo. Mtu aliyekua akinyambua vitenzi toka shule ya msingi anaogopa nini? Chukua mfano huu nilioutunga: "The bus service here is notoriously ____", na mzizi ni RELY. Sisi kutokana na "tegemea" tunatoa tegemeo, mtegemezi, utegemezi, inayotegemeka, isiyotegemeka. Kiingereza kinafanya vilevile kwa vipande vyake. Kwanza uliza pengo linataka aina gani ya neno: baada ya "is notoriously" linataka sifa. Pili uliza ni sifa njema au mbaya: "notoriously" inatangulia sifa mbaya. Basi si "reliable", ni "unreliable", yaani isiyotegemeka. Wengi wanapata hatua ya kwanza na kuanguka ya pili, ile "si" ya katikati wanaisahau. Angalia pia kama neno linataka wingi. Na herufi moja ikikosewa, alama imekwenda.

Sehemu ya 4 ni ile "andika upya sentensi" tuliyoifanya shuleni, isipokuwa hapa unapewa neno la lazima ambalo huruhusiwi kulibadilisha, na unajaza maneno 3 hadi 6, hilo likiwemo. Mfano wangu:

Asha didn't realise how serious the problem was until the engineer arrived.
ONLY
It was ____ Asha realised how serious the problem was.

Mtu anayetafuta kanuni kichwani atakaa hapa dakika nne. Mimi nauliza: Kiswahili kingesemaje? "Ni pale tu fundi alipofika ndipo Asha alipotambua uzito wa tatizo." Kile "ni pale tu… ndipo" kina pacha wake: "only when the engineer arrived that". Hesabu maneno: 6. Umefika ukingoni lakini uko ndani. Kila swali la sehemu hii lina alama 2 na jibu hukatwa vipande viwili, hivyo hata ukipatia nusu usiache wazi. Kumbuka pia kwamba "didn't" inahesabiwa maneno mawili.

Mapacha wa namna hii ni wengi kuliko unavyodhani. "Laiti ningalijua" ni "if only I had known". "Kadiri unavyochelewa ndivyo inavyokuwa ghali" ni "the longer you wait, the more expensive it gets". Kusanya yako kwenye kurasa za nyuma za kaunta buku. Fanya maswali 6 ya sehemu hii kila siku kwa wiki tano, kisha rudia yaleyale uliyokosa. Kurudia yaliyokushinda kunachosha, lakini ndiko kulikonipandisha kutoka 161 hadi 187.

Hatua ya nne: kusoma

Hapa tatizo kubwa ni saa. Dakika 90 hazigawiwi na mtu ila wewe: jipe 35 kwa sehemu ya 1 hadi ya 4, na 55 zilizobaki kwa kusoma. Sehemu ya 5, 6 na 7 zina alama 2 kwa swali, ya 8 ina alama 1. Ukibanwa na muda, unajua pa kuacha.

Sehemu ya 7 ndiyo inayolaza watu: makala yenye mapengo 6 na aya 7 zilizong'olewa, moja haina kwao. Soma kwanza makala yenye mapengo yake kama vile hakuna kilichopotea, ujue inaelekea wapi. Halafu shika viungo. Aya ikianza na "This failure", lazima nyuma yake pawe na kitu kilichoshindikana. Ikianza na "he", mwanamume ameshatajwa. Katika sehemu ya 6 unasoma wataalamu wanne juu ya jambo moja na kuulizwa nani anakubaliana na nani. Chora kijedwali cha alama za kujumlisha na kutoa pembeni ya karatasi, usitegemee kumbukumbu.

Jibu lisilo sahihi halikati alama popote kwenye mtihani huu. Pengo tupu ni hasara tupu.

Hatua ya tano: kuandika

Kazi ya kwanza ni insha ya lazima. Unapewa mada, hoja tatu, na maoni machache yaliyosemwa na watu. Unachagua hoja mbili, unazijadili, unaamua ipi ina uzito zaidi na unaeleza sababu. Anayejadili zote tatu amejichosha bure. Kazi ya pili unachagua moja kati ya tatu, na huwa ni barua au barua pepe, ripoti, pendekezo, au tathmini ya kitu kama filamu, hoteli au kozi. Ripoti inatazama nyuma: kilifanyika nini, kilikwendaje. Pendekezo linatazama mbele: tufanye nini. Zote mbili wekea vichwa vidogo.

Kila kazi inasahihishwa kwa vigezo 4, kila kimoja alama 0 hadi 5: umejibu ulichoulizwa, umeandika kwa namna inayomfaa msomaji wako, mpangilio, na lugha. Angalia vizuri: lugha ni kimoja kati ya vinne. Mwenye Kiingereza cha wastani aliyejibu swali lote anaweza kumpita fundi wa maneno aliyepotea njia.

Ufundi wa maneno ndio ugonjwa wetu. Tulilelewa kwenye insha za mapambo, ambapo mwalimu aliweka tiki nyekundu kwenye kila neno gumu. Hii ni sentensi niliyowahi kuiandika kweli: "Nowadays, in this modern era of science and technology, it is a fact beyond reasonable doubt that traffic jam is a big challenge." Maneno zaidi ya ishirini, na habari iliyomo ni kwamba kuna foleni. Tena "traffic jam" hapo inataka wingi. Leo ningeandika: "Building more roads has done little to ease congestion in Dar es Salaam; a reliable bus lane, by contrast, gives commuters a reason to leave their cars at home." Hakuna neno gumu hata moja. Kuna "ease congestion", ambayo ni "piga" ya Kiingereza, kuna msimamo, na kuna mahali.

Na mahali pawe pako. Swali likiwa la usafiri mijini, usihangaike kukumbuka treni za Tokyo. Kama umepanda mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam toka yalipoanza mwaka 2016, unajua mengi kuliko msahihishaji: foleni ya kituoni, basi lililojaa, na njia yake iliyo wazi pembeni ya magari yaliyosimama. Mfano halisi huandikika haraka kuliko wa kubuni, na haraka unaihitaji.

Barua pepe nazo zina mtego. Kiingereza chetu cha ofisini kimejaa "kindly" na "I hope this email finds you well". Si makosa, lakini ukimwandikia rafiki hivyo, msahihishaji anaona umekosa sauti. Kabla ya kuanza, andika juu ya karatasi: namwandikia nani, anataka nini kutoka kwangu.

Zoezi la kila wiki: kazi mbili, dakika 45 kila moja, kwa mkono kama utafanya mtihani wa karatasi. Dakika 8 za kupanga, 30 za kuandika, 7 za kuwinda makosa yako 15. Kama huna mwalimu, Cambridge wana zana ya bure mtandaoni, Write & Improve, inayokuonyesha makosa na kukadiria daraja lako. Usiitegemee ikuambie kama umejibu swali vizuri, hilo muombe mtu.

Hatua ya sita: kusikiliza

Kila kipande unasikia mara mbili, sehemu 4. Ya 2 ndiyo ya kufanyia kazi: mzungumzaji mmoja, mapengo 8, unajaza neno au maneno machache kama yalivyosemwa, na tahajia sahihi inatarajiwa. Tumia muda wa kimya kabla ya sauti kubashiri: hapa panataka jina la mnyama, pale hisia, pale chombo. Ya 4 ina wasemaji 5 na kazi 2 kwa mpigo. Nashauri zamu ya kwanza ufanye kazi ya kwanza, ya pili ufanye ya pili, kuliko kugawanya sikio.

Nyumbani, sikiliza mahojiano na mihadhara, si filamu zenye maandishi chini. Chukua dakika mbili, andika kila neno, linganisha na maandishi yake. Utagundua kwamba neno ulilolikosa unalijua; hukulitambua kwa sababu wamelimeza.

Hatua ya saba: kuzungumza

Mnaingia wawili, mbele kuna watahini wawili. Mmoja anaongea nanyi, mwingine yuko kimya anaandika. Usimwogope huyo wa kimya, wala usimtafute kwa macho.

Sehemu ya 2 unapewa picha tatu, unachagua mbili na kuongea dakika moja. Hawataki uorodheshe kilichomo. Wanataka ulinganishe na ukisie: "they might have been waiting for hours, whereas…" Jirekodi kwa simu kila siku, dakika moja kamili. Siku za mwanzo utaishiwa sekunde ya 25.

Sehemu ya 3 mnajadiliana ninyi wawili, dakika mbili, kisha moja ya kuamua. Hapa malezi yetu mazuri yanatuponza. Mara ya kwanza nilipangwa na mtu mzima, rika la baba yangu mdogo. Kila alipovuta pumzi nilinyamaza nimpishe, na nilipotakiwa kupinga hoja yake nikaishia "yes, that is true". Kiheshima nilikuwa sawa kabisa. Kimtihani, mazungumzo ni moja ya vitu vinavyopewa alama, na mimi sikuwa nazungumza, nilikuwa naitikia. Kupinga kwa adabu kunawezekana: "I see your point, but wouldn't that leave out…?" Na ukimaliza, mrudishie: "What would you say?" Ukimfunika mwenzako asipumue, hapo nako unapoteza.

Mambo mawili ya Kiswahili yatakuandama mdomoni. Ukiulizwa "You haven't been here before?", sisi tunajibu "ndiyo, sijafika". Kwa Kiingereza jibu ni "No, I haven't". Na mkazo: sisi tunakanyaga silabi ya pili kutoka mwisho, karibu siku zote. Kiingereza kinahamahama: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAPHic. Ndiyo maana "development" inatutoka deveLOPment, wakati uzito uko kwenye VE. Lafudhi yako ya Kiswahili haina shida, kinachotakiwa ni kueleweka bila mtu kukunja shingo.

Wiki 12 zinavyokwenda

Wiki 2 za mwanzo ni za kujipima, kufungua kaunta buku na kuzoea maswali bila saa. Wiki ya 3 hadi ya 7, matumizi ya lugha kila siku, kuandika mara mbili kwa wiki, picha moja ya kuzungumzia kila jioni. Wiki ya 8 hadi ya 10 weka saa kwenye kila kitu, na tafuta mwenza wa sehemu ya 3, hata kwa simu. Wiki ya 11 fanya majaribio mawili kamili, asubuhi, kwa mpangilio wa siku yenyewe. Ya 12 soma makosa yako tu. Neno jipya la wiki ya mwisho litakuponyoka, tena litaondoka na mwenzake.

Siku yenyewe

Beba kitambulisho halisi ulichojisajilia, si nakala wala picha kwenye simu; simu yenyewe inabaki nje. Kwa mtihani wa karatasi chukua penseli za HB na kifutio kwa kusoma na kusikiliza, na kalamu kwa kuandika. Kuzungumza kunaweza kupangwa siku nyingine kabisa, kwa hiyo soma barua ya kituo mpaka mwisho kabla ya kukata tiketi ya basi la kurudi. Mara ya pili nilipokwenda, mwenzangu wa kuzungumza alikuwa binti wa chuo aliyenikatiza mara tatu, nami nikamkatiza mara mbili. Tulitoka tunacheka. Matokeo yangu yalikuja 191.